Damu Inayotaka Kuganda: Kukadiria Hatari Si Kupiga Ramli

Katika kuwatembelea wagonjwa majumbani, kuanzia Kashai na Hamugembe hapa Bukoba mjini hadi Kamachumu na Nshamba wilayani Muleba, sisi wauguzi na akina mama wa kanisa tumeulizwa mara nyingi swali hili: "Mtu mwenye kansa ya damu si ndiye anayeishiwa damu? Sasa imekuwaje mguu wake ukavimba, wakatuambia kuna donge la damu ndani ya mshipa?"

Swali hilo ni la maana sana. Aliyeishiwa damu tunamwogopea kutokwa na damu, hatumwogopei kugandiwa na damu. Lakini zipo kansa za damu ambazo hatari yake kubwa ni hiyo ya kuganda. Jambo la kututia moyo ni kwamba hatari hiyo inaweza kukadiriwa mapema, na sehemu kubwa ya makadirio hayo haihitaji mashine ya gharama. Inahitaji maswali machache ambayo majibu yake yako nyumbani, kwa mama, kwa binti na kwa mkamwana anayemuuguza mgonjwa. Hebu tuyaangalie pamoja.

KANSA ZA DAMU SI MOJA

Chembe za damu hutengenezwa katika uboho, ile nyama laini iliyo ndani ya mifupa. Chembe nyekundu hubeba hewa safi, chembe nyeupe hupigana na magonjwa, na chembe sahani huziba jeraha ili damu isiendelee kutoka. Kansa ya damu ni pale uboho unapoacha utaratibu wake na kuanza kutengeneza chembe bila kipimo.

Kuna kansa za damu za ghafla, ambazo humwangusha mtu kwa wiki chache. Na kuna za polepole, ambazo mtu anaweza kuishi nazo miaka mingi akilima migomba yake, akilea wajukuu na kuimba kwaya. Katika hizo za polepole, tatu ni ndugu wa karibu. Ya kwanza ni polisithemia vera, ambapo chembe nyekundu huzidi. Ya pili ni trombosithemia, ambapo chembe sahani huzidi. Ya tatu ni mielofibrosisi, ambapo uboho hujaa makovu na bandama huvimba. Hizi tatu ndizo zinazoongoza kwa kugandisha damu, na ndizo tunazozizungumzia zaidi leo.

Ipo pia ile inayojulikana zaidi nchini kwetu, lukemia sugu ya mieloidi. Watanzania wengi wenye ugonjwa huo walipata dawa ya imatinibu bila malipo kupitia mpango wa msaada wa kimataifa uliokuwa ukitolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Yenyewe haigandishi damu kama wale ndugu watatu, lakini baadhi ya dawa zake zilizofuata, kama nilotinibu na ponatinibu, zinaweza kuleta kuziba kwa mishipa, hivyo anayezitumia naye aulize habari za moyo na presha yake. Na katika mieloma, kansa inayoumiza mifupa, dawa kama thalidomidi na lenalidomidi huongeza hatari ya donge, hasa zikitolewa pamoja na deksamethasoni. Ndiyo sababu daktari huongeza dawa ya kuzuia kuganda. Msishangae mkimwona mgonjwa wa mifupa anapewa dawa ya damu.

Jambo moja tuliseme wazi. Selimundu, ambayo tunayo sana kanda hii ya Ziwa, si kansa. Tunalitaja kwa sababu mama mwenye mtoto wa selimundu atakuta dawa ya haidroksiurea anayoijua yeye ndiyo hiyo hiyo anayopewa bibi wa jirani mwenye trombosithemia. Dawa ni moja, magonjwa ni tofauti.

KWA NINI DAMU INAGANDA?

Mama anayepika uji anajua. Uji mwepesi hupita kwenye chujio bila shida. Uji mzito hukwama. Damu yenye chembe nyekundu nyingi kupita kiasi ni kama uji mzito, huenda taratibu na kukwama kwenye mishipa midogo. Lakini si uzito peke yake. Katika magonjwa haya chembe zenyewe zimebadilika. Zinanata, zinaamshana, na kukwaruza ukuta wa mshipa. Mwaka 2005 watafiti waligundua badiliko katika jeni inayoitwa JAK2. Karibu wagonjwa wote wa polisithemia vera wanalo badiliko hilo, na katika trombosithemia na mielofibrosisi ni kama nusu yao. Badiliko hilo kwa kawaida halirithiwi kutoka kwa wazazi. Hutokea katika uboho wa mtu mwenyewe. Kwa hiyo hakuna wa kumlaumu katika ukoo, wala hakuna aliyemtupia mwenzake kitu.

Donge likikaa kwenye mshipa wa mguu, mguu huvimba. Likikatika na kupanda hadi mapafuni, mtu hukosa pumzi na anaweza kufa kwa muda mfupi. Likiziba mshipa wa ubongo ni kiharusi. Likiziba wa moyo ni shambulio la moyo. Na kansa hizi zina tabia ya kuziba hata mahali pasipotarajiwa, kama mishipa ya ini na ya matumbo, mtu akaugua tumbo na kujaa maji huku wote wakidhani ni vidonda vya tumbo au kulogwa.

Kuna dalili zinazotangulia ambazo sisi huzipuuza. Kichwa kuuma kila siku. Kizunguzungu. Macho kuona vimulimuli. Viganja na nyayo kuwaka moto na kuwa vyekundu. Na moja ya ajabu, mwili mzima kuwasha baada ya kuoga, hasa kwa maji ya moto. Uzito upande wa kushoto wa tumbo chini ya mbavu huenda ni bandama, na kwetu kila bandama husingiziwa malaria. Wengine humwona mama mwenye uso mwekundu wakamsifu kwamba ana damu nyingi na afya njema. Kumbe damu ikizidi kipimo si afya.

MASWALI MANNE YA KUKADIRIA HATARI

Sasa tufike kwenye kiini cha mazungumzo yetu. Daktari anajuaje kwamba huyu yuko hatarini kuliko yule? Kwa trombosithemia, mwaka 2012 ilitolewa njia ya kuhesabu pointi iliyotokana na wagonjwa 891. Maswali yake ni manne tu.

La kwanza: Mgonjwa ana umri gani? Akizidi miaka 60, pointi 1.

La pili: Amewahi kupata donge la damu, kiharusi au shambulio la moyo? Kama ndiyo, pointi 2.

La tatu: Ana presha ya kupanda, kisukari, au anavuta sigara? Kama ndiyo, pointi 1.

La nne: Ana lile badiliko la JAK2? Kama ndiyo, pointi 2.

Jumla ikiwa 0 au 1, hatari ni ndogo. Ikiwa 2 ni ya kati. Ikiwa 3 au zaidi ni kubwa. Katika wagonjwa wale, waliokuwa na hatari ndogo walipata donge kama mmoja kwa kila 100 kwa mwaka. Wa hatari kubwa walikuwa kati ya watatu na wanne kwa kila 100 kwa mwaka. Mwaka mmoja unaonekana mdogo, lakini kwa mtu atakayeishi na ugonjwa miaka 15 au 20, hesabu hiyo inapanda.

Kwa polisithemia vera, madaktari huuliza mawili tu: umri uliozidi miaka 60, na historia ya donge. Likiwepo mojawapo, huyo ni wa hatari kubwa.

Tazameni vizuri. Katika maswali manne, matatu hayahitaji maabara kubwa. Umri uko kwenye cheti cha ubatizo au kitambulisho. Presha hupimwa hata zahanati. Historia ya donge iko kwenye kumbukumbu ya familia. Ni JAK2 tu inayohitaji kipimo ambacho hakifanyiki kila hospitali, na hata bila hicho, makadirio yanaweza kuanza.

TUCHUKUE MIFANO

Tuseme kuna akina mama wawili wenye trombosithemia. Mama wa kwanza ana miaka 45, hana presha wala kisukari, hajawahi kupata donge, na hana badiliko la JAK2. Chembe sahani zake ni 900,000, wakati mtu mzima mwenye afya huwa kati ya 150,000 na 450,000 katika tone dogo linalopimwa. Mama wa pili ana miaka 66, ana presha, na aliwahi kupooza upande mmoja akapona. Chembe sahani zake ni 600,000.

Nani yuko hatarini zaidi? Wengi watamnyooshea kidole yule wa 900,000. Lakini tukihesabu, mama wa kwanza ana pointi 0. Wa pili ana 1 ya umri, 2 za kiharusi na 1 ya presha, jumla 4, hata kabla ya kupima JAK2. Yeye ndiye wa kuangaliwa kwa haraka.

Basi msiogope namba peke yake, wala msitulizwe na namba peke yake. Wingi wa chembe sahani si mtabiri mzuri wa donge. Tena zikipita 1,000,000 na kuendelea kupanda, hatari nyingine hujitokeza, nayo ni ya kutokwa na damu, kwa kuwa chembe hizo nyingi humaliza kile kinachosaidia damu kushika. Hapo aspirini inaweza kudhuru badala ya kusaidia.

Na tazameni jambo jingine. Familia ya mama wa pili ikisahau kumweleza daktari habari ya kile kiharusi, kwa kuwa alipona na ni miaka imepita, na kwa kuwa palisemwa kuwa alikumbwa na pepo, pointi 2 zinapotea. Anabaki na 2, anaonekana wa kati. Habari moja iliyofichwa inaweza kumnyima mtu dawa.

KUKADIRIA SI KUPIGA RAMLI

Wapo wanaosema, "Nyie wauguzi mnatutabiria kifo kama waganga." La hasha. Mpiga ramli hukuambia litakalotokea na nani kalileta, kisha anadai mbuzi. Makadirio ya daktari hayasemi litakalokupata wewe. Yanasema kwamba katika watu 100 wanaofanana na wewe, wachache kiasi hiki walipata donge, na kwa hiyo tukulinde kiasi hiki. Mwenye pointi 4 anaweza kuishi asipate donge kamwe. Mwenye 0 anaweza kulipata. Ndiyo maana kila mmoja lazima ajue dalili.

Pia tuwe wakweli: wagonjwa wale 891 walitoka hospitali za nje ya Afrika. Njia hii ni mwongozo, na madaktari wameendelea kuirekebisha tangu ilipotolewa. Lakini presha ni presha, Muleba au Ulaya.

Wengine huogopa kupima damu kabisa. Tunaelewa. Mkoa wetu wa Kagera ndio ulioona wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi kutambuliwa nchini mwaka 1983, na tangu hapo kwa wazee wengi kuchomwa sindano ya kupima ni sawa na kusomewa hukumu. Lakini kipimo tunachokisema hapa ni picha kamili ya damu, kinachojulikana hospitalini kwa herufi FBP. Kinahesabu chembe tu. Na kama mtu ana virusi vya Ukimwi pia, ni vema daktari ajue, maana virusi hivyo navyo huongeza hatari ya damu kuganda.

TIBA INAYOFUATA MAKADIRIO

Makadirio yasiyofuatwa na hatua hayana faida. Hatua zenyewe ni hizi.

Kwanza, kupunguza damu. Mwenye polisithemia vera hutolewa damu hospitalini, karibu nusu lita kwa mara moja, hadi hematokriti, yaani sehemu ya chembe nyekundu katika damu nzima, ishuke chini ya asilimia 45. Uchunguzi uliofanyika Italia na kutangazwa mwaka 2013 uliwagawa wagonjwa 365. Waliotunzwa chini ya asilimia 45 walikuwa 182, na watano kati yao walipata donge kubwa au kufa kwa ugonjwa wa moyo na mishipa. Walioachwa kati ya 45 na 50 walikuwa 183, na kati yao yaliwapata 18. Tofauti ya asilimia chache katika kipimo iliokoa watu.

Hapa bibi zetu husema, "Hiyo si chuku tu? Hata sisi tuliumikwa zamani." Hapana, mama. Chuku hutoa damu kidogo isiyopimwa, kwa wembe usiojulikana umetoka wapi, na haimwambii mtu hematokriti yake. Kutoa damu kwa ugonjwa huu hufanywa kwa kipimo, kwa vifaa safi, na kuangaliwa tena.

Pili, aspirini ya kiasi kidogo. Uchunguzi wa mwaka 2004 kwa wagonjwa 518 wa polisithemia vera ulionyesha kwamba miligramu 100 kwa siku zilipunguza madonge kwa kiasi kikubwa. Lakini msimwanzishie mtu wenyewe kwa kuwa kidonge ni cha bei ndogo. Mwenye vidonda vya tumbo, anayetokwa na damu, au mwenye chembe sahani nyingi mno, asubiri daktari. Na anayetumia aspirini asijinunulie diklofenaki dukani kwa ajili ya mgongo. Viwili hivyo pamoja huchimba tumbo.

Tatu, kwa wenye hatari kubwa, dawa ya kutuliza uboho, mara nyingi haidroksiurea. Hii inadai kupimwa damu mara kwa mara, kwa kuwa ikizidi hushusha chembe zote. Aliyekwisha kupata donge huongezewa dawa ya kuzuia kuganda, kama warfarini, nayo ina vipimo vyake.

Nne, kile kilicho mikononi mwetu: kutibu presha na kisukari, kuacha sigara, na bibi anayevuta kiko naye aweke kiko chini.

YANAYOWAHUSU AKINA MAMA HASA

Dada mwenye mojawapo ya magonjwa haya asitumie vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni, maana huongeza kuganda kwa damu. Amweleze mhudumu wa kliniki ugonjwa wake, ashauriwe njia nyingine kama kitanzi. Asione haya. Mhudumu hawezi kuona uboho kwa macho.

Mimba nayo huifanya damu igande upesi, na wiki sita baada ya kujifungua ni za hatari kuliko miezi iliyotangulia. Mwenye trombosithemia anaweza pia kupoteza mimba. Haidroksiurea haifai kwa mjamzito, kwa hiyo mimba ipangwe pamoja na daktari kabla haijaingia. Kumwambia mwanamke "acha dawa, Mungu atakupa mtoto" bila kumpeleka kwa daktari ni kumbebesha mzigo mara mbili.

Jambo jingine ni vidonge vya kuongeza damu. Mwenye polisithemia vera akishatolewa damu mara kadhaa huishiwa madini ya chuma, na kipimo huonyesha hivyo. Jirani mwema humletea vidonge vya chuma. Lakini chuma hicho huufanya uboho utengeneze tena zile chembe zilizopunguzwa kwa taabu. Asimeze bila idhini ya daktari wake.

Na msibani, tunajua desturi yetu. Tunakaa chini mkekani saa nyingi, miguu imekunjwa, maji hatunywi. Mgonjwa wa namna hii aruhusiwe kuinuka na kutembea kidogo, wala asinung'unikiwe kwamba hana huzuni. Na rubisi isihesabiwe kuwa maji. Pombe hukausha mwili, na damu ya mwili mkavu ni nzito zaidi.

DALILI ZISIZONGOJA KESHO

Mguu mmoja kuvimba, kuuma na kuwa wa moto. Kukosa pumzi ghafla au kifua kuchoma mtu akivuta hewa. Mdomo kwenda upande, mkono kulegea, maneno kukwama. Jicho kupoteza nuru ghafla. Tumbo kuuma sana na kujaa upesi.

Ikitokea mojawapo, mgonjwa afike hospitali siku hiyo hiyo, usiku au mchana. Wa Muleba wana Rubya, Ndolage na Kagondo, na wa Bukoba wana Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Na tunawasihi sana, mguu uliovimba usikandwe. Tumekuta miguu imefungwa majani na kusuguliwa mafuta kwa nguvu zote na mikono yenye upendo. Kumkanda mwenye donge kunaweza kulikatua na kulituma mapafuni. Mkono wenye upendo umshike mgonjwa begani na kumwita dereva wa gari.

SAFARI YA KLINIKI

Wagonjwa wengi wa mkoa wetu huelekezwa Hospitali ya Bugando, Mwanza. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa kungoja kivuko, lakini safari ya basi kutoka Bukoba bado ni ndefu, na kukaa bila kutikisika ni rafiki wa donge. Tena wengi hukataa kunywa maji ili wasimsumbue dereva kwa kusimamisha gari. Msifanye hivyo. Mgonjwa anywe maji, akunje na kukunjua vifundo vya miguu mara kwa mara, na gari likisimama ashuke atembee. Avae nguo isiyobana mapaja. Anayesafiri kwa meli ana nafuu, maana anaweza kutembea tembea sitahani. Na kama dawa za kuzuia kuganda zinakaribia kwisha, zitafutwe kabla ya siku ya safari.

DAFTARI LA MGONJWA

Tunamalizia kwa kazi ndogo ambayo vikundi vya akina mama wa kanisa vinaweza kuianza hata Jumapili hii. Kila mgonjwa wa damu tunayemtembelea apewe daftari la shule. Ukurasa wa kwanza uandikwe jina la ugonjwa kama daktari alivyolitaja, mwaka wa kuzaliwa, na jibu la swali hili: je, amewahi kupooza, kuvimba mguu mmoja, au kuambiwa ana donge? Lini? Hapa mkubwa wa familia aulizwe taratibu, kwa heshima, faraghani, maana majibu mengine hayatoki mbele ya wageni. Ukurasa wa pili presha na sukari kila zinapopimwa. Wa tatu hesabu za FBP kwa tarehe. Wa nne dawa zote anazomeza, pamoja na za dukani na za miti shamba, bila kuficha.

Daftari hilo liende naye kila hospitali. Daktari aliye na wagonjwa wengi mlangoni akiliona atapata majibu yake kwa dakika mbili, na mgonjwa atakadiriwa kwa ukweli, si kwa kubahatisha. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Damu yenyewe hatuwezi kuisimamia, lakini kalamu tunaweza kuishika.

Mwenye swali amwulize muuguzi wa zahanati yake, na asikubali kurudi nyumbani na swali lile lile.